Mgeni Mwenye Maneno Matamu: Nyumba ya Kibwetere na Moto wa Kanungu

(MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UNASHUKA)

Kama unatusikia kupitia redio ya jirani, au umeshika karatasi hii kwa sababu betri zimekwisha, karibu. Kipindi hiki kimetayarishwa hapa Kimironko, Kigali.

Leo tunazungumza juu ya mtu anayeingia katika familia kwa upendo na kuiacha majivu. Tutataja vifo, na kati ya waliokufa kuna watoto. Kama una mtoto mdogo karibu yako, mtume kwanza akacheze na wenzake.

Tuanze na mji huu wa Kigali. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, ile tunayoiita RIB, ilimkamata mwanamume wa miaka 34 aitwaye Denis Kazungu. Alikuwa amepanga nyumba Busanza, sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro. Katika jiko la nyumba ile kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo kulikuwa na miili ya watu, wengi wao wanawake. Wapelelezi walieleza kwamba alikuwa akikutana na watu kwenye baa, anawashawishi wamfuate nyumbani, halafu anawanyang'anya simu na mali nyingine na kuwaua. Mahakamani alikiri kuua watu 14. Mwezi Machi 2024 alihukumiwa kifungo cha maisha. Alipotakiwa kutoa sababu, aliwatupia lawama marehemu, akidai walimwambukiza ugonjwa. Marehemu hawawezi kujibu.

Habari kama hiyo ikifika sokoni, swali la kwanza huwa ni hili: kwa nini walimfuata? Hata wewe huenda umelisema. Lakini ukilisikiliza vizuri, swali hilo linamhukumu aliyekufa. Swali linaloweza kutusaidia sisi tulio hai ni lingine: huyu mtu alifanya nini hadi akaaminiwa?

Ili kulijibu, nitakupeleka nchi jirani ya Uganda, kwenye nyumba ya familia moja. Nimechagua nyumba hiyo kwa sababu waliobaki hai walisimulia jinsi mambo yalivyoanza na jinsi yalivyokua, hatua kwa hatua.

(MUZIKI MFUPI)

Wengine wenu, au ndugu zenu, wanaijua Kanungu kwa miguu yao. Ni wilaya ya kusini magharibi mwa Uganda inayopakana na Kongo. Watu waliokimbia vita upande wa Rutshuru wakavuka mpaka kule Ishasha au Butogota, wengi walipokelewa kwenye kituo cha Matanda, na kituo hicho kiko Kanungu.

Ijumaa tarehe 17 Machi 2000, katika eneo hilo hilo, jengo la maombi liliwaka moto likiwa limejaa watu. Madirisha na milango ilikuwa imefungwa. Ndani walikuwamo wanaume, wanawake na watoto, zaidi ya 500 kwa hesabu ya polisi. Hakuna aliyetoka.

Watu wa kundi lile walijiita Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Dunia ilipopata habari, wengi walisema: hao ni washamba, hawakusoma. Jibu hilo ni rahisi, nalo si la kweli. Tuangalie msiba ulianzia wapi.

Ulianzia kwenye nyumba ya mzee mmoja aliyeheshimiwa. Joseph Kibwetere alikuwa Mkatoliki wa eneo ambalo leo ni wilaya ya Ntungamo. Alikuwa mwalimu, akawa msimamizi wa shule, na alijulikana katika chama cha Democratic Party. Alikuwa na mke, watoto wengi, mashamba na biashara. Kwa lugha ya kwetu tungesema ni baba wa kutegemewa, mtu ambaye majirani humwendea wakitaka ushauri.

Mwaka 1989 Kibwetere alikutana na mwanamke aitwaye Credonia Mwerinde. Mwerinde alizaliwa Kanungu na aliwahi kuuza pombe ya ndizi. Alisema kwamba Bikira Maria alikuwa akimtokea katika mapango ya Nyabugoto. Maono ya Bikira Maria hayakuwa habari ngeni siku zile. Hapa Rwanda, Kibeho, wasichana wa shule walikuwa wameanza kusimulia maono yao mwaka 1981, na maelfu ya watu walikuwa wakienda kusali huko. Kwa hiyo aliyesema amemwona Bikira alisikilizwa kwa heshima.

Mwerinde hakuishia hapo. Alimwambia Kibwetere kwamba Bikira amemtaja yeye kwa jina lake, kwamba ametumwa kwake hasa.

Msikilizaji, shikilia hatua hiyo, maana hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Mwerinde hakuanza kwa kuomba kitu. Alianza kwa kumpa mtu cheo. Nani asingependa kusikia kwamba mbinguni wanalijua jina lake? Kibwetere alikuwa mtu wa dini kweli, na maneno yale yaligusa kitu alichokipenda tangu zamani. Mtu mwenye hila huanza kwa kutazama unachokipenda. Akishakijua, anakuletea hicho hicho mikononi.

Kibwetere alimkaribisha Mwerinde nyumbani kwake pamoja na jamaa zake. Mke wa Kibwetere aliwapokea, kama mke yeyote wa kwetu anavyowapokea wageni wa mume wake.

(MUZIKI MFUPI)

Kuna methali mnayoijua wote: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nyumba ile mambo yalikwenda kinyume. Mgeni ndiye aliyeshika nyumba, na wenyeji wakapewa jembe.

Waumini wengine walifuata, na nyumba ya familia ikawa makao ya kundi. Mwerinde alikuwa akitoa maagizo akisema ni ya Bikira. Alidai kwamba sauti ile humfikia hata kupitia vyombo vya kawaida vya nyumbani, kama vikombe na sahani. Mke akiuliza kwa nini chakula kimegawanywa hivi, jibu linatoka mbinguni. Mtoto akilalamika, amemkosea Bikira. Unabishanaje na mtu anayesema kwamba maneno si yake?

Hiyo ni hatua ya pili: anayetoa amri hubaki yeye peke yake, na amri zake haziwezi kuulizwa. Si lazima atumie jina la Mungu. Mwingine atasema, "Mimi ndiye ninayejua mambo ya ofisi." Mwingine atasema, "Ukiniuliza maswali ni kwamba hunipendi." Maneno ni tofauti, lakini kazi yake ni moja: kukufunga mdomo bila kukupiga.

Mali ya Kibwetere ilianza kuuzwa ili kulisha kundi. Mke na watoto wake walisimulia baadaye jinsi walivyodhalilishwa ndani ya nyumba yao wenyewe. Baba waliyemjua alikuwepo kwa mwili tu, kwani kila jambo la nyumba lilipitia kwa mgeni. Hiyo ni hatua ya tatu. Mtu mwenye hila hupenda kusimama katikati. Mume hazungumzi tena na mke bila yeye kuwepo, mtoto hamfikii baba bila kupitia kwake. Kila mmoja anabaki peke yake ndani ya nyumba iliyojaa watu.

Mwaka 1992 familia na wazee wa kijiji walisema basi, imetosha. Kundi likafukuzwa pale. Ungefikiri huo ndio mwisho wa habari. Lakini Kibwetere hakubaki na mke wake na watoto wake. Aliondoka na kundi, wakaenda Kanungu kwenye ardhi ya familia ya Mwerinde. Mke akabaki na nyumba isiyo na mume.

Nataka uone jambo hili kwa macho mawili. Kwa jicho la kwanza, familia ilimpoteza baba. Kwa jicho la pili, wale waliokataa kuhama waliishi, na mke wake alikuwepo mwaka 2000 kuwaeleza waandishi wa habari jinsi mambo yalivyoanza. Walipofunga mlango ilikuwa uchungu na aibu kubwa mbele ya majirani. Lakini kufunga mlango kuliokoa watu.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa twende Kanungu. Huko kilichokuwa kimefanyika katika nyumba moja kilifanyika kwa mamia ya nyumba.

Watu walikuja kutoka sehemu mbalimbali za Uganda. Wengi waliuza mashamba, mifugo na vitu vya nyumbani, wakakabidhi pesa kwa viongozi. Kati ya viongozi alikuwepo Dominic Kataribaabo, padri aliyesoma hadi chuo kikuu cha Marekani. Kwa hiyo yule anayesema ni ujinga wa watu wasiosoma, ajibu kwanza kuhusu padri huyo. Elimu ni nzuri, lakini haizuii mtu kudanganywa, na wala haimzuii mtu kudanganya wengine.

Maisha ndani ya makao yalikuwa na sheria kali. Watu walifunga kula mara kwa mara. Mume na mke hawakuruhusiwa kuishi kama mume na mke. Watoto walitenganishwa na wazazi wao. Na kulikuwa na sheria ya kunyamaza: kwa sababu amri ya Mungu inakataza kumshuhudia jirani uongo, walifundishwa kwamba usalama ni kutosema kabisa, na wakawa wanawasiliana kwa ishara za mikono.

Fikiri kidogo juu ya sheria hiyo ya kunyamaza. Wewe na mimi tukiwa na wasiwasi tunafanya nini? Tunamnong'oneza mtu. "Dada, hivi na wewe umeliona hili?" Dada akijibu, "Nimeliona," tayari sisi ni wawili, na watu wawili wanaweza kuondoka. Mahali ambapo kunong'ona ni dhambi, watu mia tano wanaweza kuwa na wasiwasi ule ule siku ile ile, na kila mmoja akafikiri yuko peke yake.

Serikali haikuwa haijui kwamba kundi lipo. Kundi liliandikishwa kisheria na lilikuwa na shule ya msingi. Shule ile ilifungwa na serikali mwaka 1998 kwa sababu ya hali mbaya ya usafi na madai ya kutumikisha watoto. Shule ilifungwa, lakini kundi likaendelea. Majirani waliwaona kama watu wapole, wachapakazi, wasio na fujo. Upole ule ulikuwa wa kweli, kwa sababu wengi mle ndani walikuwa watu wema. Lakini wema wa wafuasi haukuwa ushahidi wa wema wa viongozi.

Viongozi walifundisha kwamba dunia itakwisha mwaka 1999 utakapomalizika. Mwaka ukaisha. Januari 2000 ikaingia, jua likachomoza kama kawaida. Hapo swali kubwa likazaliwa katika vichwa vya watu: kama dunia haikuisha, shamba langu liko wapi? Wapo walioanza kudai mali yao.

Hapo ndipo mtu mwenye maneno matamu huwa hatari zaidi. Siku unayogundua si siku ya usalama bado. Ni siku ambayo yeye anaona anaanza kupoteza, na lazima uwe mwangalifu kuliko siku zote.

Viongozi wakataja tarehe mpya, katikati ya Machi. Kabla ya siku ile kulikuwa na karamu, ng'ombe wakachinjwa na soda zikanunuliwa. Watu waliozoea kufunga waliona neema imefika. Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 17.

Katika siku na wiki zilizofuata, polisi walichimba na kukuta miili mingine mamia kwenye mashimo katika nyumba zilizotumiwa na kundi: pale Kanungu, Rugazi kwenye nyumba ya Padri Kataribaabo, na hata Buziga katika jiji la Kampala. Baadhi walikuwa wamenyongwa. Watu hao walikuwa wamekufa kabla ya moto. Kwa hiyo wengi tuliodhani walijiua kwa imani, kumbe waliuawa. Hesabu ya polisi ilifika zaidi ya watu 700, na makadirio mengine yanapita 900.

Hati za kuwakamata viongozi zilitolewa, pamoja na za Kibwetere na Mwerinde. Hadi leo hakuna hata mmoja wao aliyefikishwa mbele ya hakimu kwa msiba ule.

(MUZIKI MFUPI)

Msikilizaji, usiseme hayo ni ya mwaka 2000 na yamepita. Mwezi Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, yalianza kufukuliwa makaburi ambayo yalitolewa miili zaidi ya 400. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa, nao wamekana mashtaka. Mahakama ndiyo itakayosema juu yake. Sisi tunachoweza kusema ni kwamba familia nyingi za Kenya zimepita njia ya uchungu ule ule: mtu wao alihama nyumbani polepole, kwanza kwa moyo, kisha kwa miguu.

Na sisi je, huku kambini?

Sisi tuna sababu zaidi za kuwa macho, na sababu hizo si ujinga. Mtu aliye kijijini kwao, akija mchumba, wazee watauliza: huyu ni mtoto wa nani, ukoo gani, babu yake aliishije na watu? Baada ya siku tatu habari zote zimefika. Sisi vita vilitutawanya. Shangazi aliyekuwa akiuliza maswali yuko Nyarugusu, mjomba yuko Nakivale, wewe uko Mahama au Kiziba. Mtu anaweza kufika akajitungia jina, ukoo na historia, na hakuna wa kumwambia, "Wewe, mimi nakujua."

Halafu tuna njaa ya kitu kimoja: kusikia kwamba maisha haya yatabadilika. Mwenye hila anaiona njaa hiyo kutoka mbali. Atakuja kama nabii wa chumba cha maombi anayejua tarehe ya safari yako. Atakuja kama kaka mwenye viatu vizuri anayetafuta mke. Atakuja kama dada mwenye kazi za ndani kule Uarabuni. Au hatakuja kutoka mbali kabisa: atakuwa mume, mke, shemeji au mtoto wako mkubwa, mtu ambaye mtaa mzima unamsifu na nyumba nzima inamwogopa.

Sitaki uanze kumwogopa kila mtu mwenye maneno mazuri. Wengi wenye maneno mazuri wana na roho nzuri. Wachungaji wengi tulio nao wamezika wafu wetu na kulisha yatima wetu. Maneno matamu si kosa, lakini pia si ushahidi. Ushahidi ni kile kinachotokea unaposema "hapana" au "subiri kwanza niulize".

Basi chukua alama tano kutoka kwenye nyumba ile, uzipime hapo ulipo.

Ya kwanza: anakupa ukubwa haraka mno. Leo mmejuana, kesho wewe ndiye mteule, ndiye mke aliyeoneshwa katika ndoto. Mapenzi ya kweli hayakimbizwi na polisi. Mwambie asubiri miezi, umwone akikasirika, akikosa pesa, akizungumza na mtu asiyemhitaji.

Ya pili: anataka siri. "Usimwambie mama." "Usimwambie kiongozi wa mtaa, watakuonea wivu." Jambo jema la familia halihitaji kufichwa familia. Ukiona siri, mwambie mtu wa pili siku hiyo hiyo.

Ya tatu: anakutenga. Anamsema vibaya dada yako, kisha rafiki yako, kisha jirani yako, mmoja mmoja, mpaka unajikuta watu wote wabaya isipokuwa yeye. Jiulize: mwaka jana nilikuwa nazungumza na watu wangapi, na sasa nazungumza na wangapi?

Ya nne: anashika vitu vyako. Kadi ya chakula, karatasi za ukimbizi, laini ya simu inayopokea pesa za msaada, namba ya siri. Wafuasi wa Kanungu waliuza mashamba. Sisi hatuna mashamba, lakini karatasi ya ukimbizi ndiyo shamba letu. Isitoke mkononi mwako kwa ajili ya mapenzi wala kwa ajili ya maombi. Na likumbuke hili, maana kila mwaka kuna anayelipa: huduma za HCR ni bure, kuandikishwa na kupelekwa nchi ya tatu pia. Anayetaka pesa ili akuweke kwenye orodha ni mwizi, hata kama anafunga na kuomba siku arobaini.

Ya tano: lawama hairudi kwake hata siku moja. Utabiri ukishindwa, imani yako ilikuwa ndogo. Akikupiga, umemchokoza. Kazungu alisimama mbele ya hakimu na bado kosa likawa la marehemu. Mtu asiyeweza kusema "nisamehe, nimekosa" ni mtu wa kukaa naye mbali.

Alama moja peke yake inaweza kuwa tabia tu ya mtu. Ukiona tatu au nne pamoja, usingoje ya tano.

(MUZIKI MFUPI)

Labda wewe hujakamatwa, lakini mtu wako amekamatwa. Ni mama yako anayepeleka posho yote kwa nabii, au mdogo wako anayetaka kuondoka usiku na mwanamume asiyejulikana. Ufanye nini?

Usimwite mjinga. Aibu ni kamba. Mtu aliyeitwa mjinga na ndugu zake atabaki kwa yule anayemwita mteule. Mwambie: "Mimi sikubaliani na jambo hili, lakini hapa ni kwenu, mlango uko wazi hata usiku." Wako watu wanaojua kwamba wamedanganyika na hawarudi, kwa sababu tu wanaogopa kuchekwa. Muulize maswali madogo kuliko kumpa hotuba: pesa ile ilikwenda wapi? Mbona hukuruhusiwa kwenda kwenye msiba wa shangazi? Uliambiwa tarehe fulani, je, imefika?

Mlinde mtoto kwanza. Mtu mzima anaweza kuchagua kufunga siku saba. Mtoto hawezi kuchaguliwa njaa, wala kuzuiwa hospitali, wala kutolewa shuleni. Hapo haturudi nyuma tena kwa sababu ya heshima.

Na kama ni wewe uliye ndani ya nyumba ya namna hiyo, usimtangazie kwamba unaondoka. Kumbuka tulivyosema: siku anayoona anapoteza ndiyo siku ya hatari. Ongea kwanza na mtu mmoja unayemwamini, weka karatasi zako na za watoto mahali salama, kisha nenda mahali penye watu wa kukusaidia.

Hapa Rwanda, sheria haiulizi kama wewe ni mkimbizi au raia. Polisi wana namba 112 kwa dharura, na 3512 kwa ukatili wa kijinsia. RIB wana namba 166. Kwa mtoto anayeteswa, namba ni 116. Kupiga ni bure. Kituo cha Isange kinapokea waliotendewa ukatili, na unaweza kupata daktari, mshauri na mpelelezi mahali pamoja. Hapo kambini, mwone mhudumu wa ulinzi au kamati ya mtaa wenu. Kama kiongozi wa mtaa ni rafiki wa huyo unayemwogopa, mpite, nenda kwa mwingine. Msikilizaji wa nchi nyingine, waulize wahudumu wa ulinzi wa kambi yenu namba za huko, kisha uziandike mahali ambapo si kwenye simu tu.

Katika nyumba ya Kibwetere mgeni alikaa karibu miaka mitatu kabla ya mtu kusema basi. Wazee wa kijiji waliposhirikiana na familia, kundi liliondoka. Huku tuliko hatuna kijiji cha zamani, lakini tuna jirani wa ukuta mmoja anayesikia kilio cha usiku, na tuna mama wa foleni ya maji anayeona jirani amekonda na amenyamaza. Hao ndio wazee wetu sasa. Ukimwona mwenzako amenyamaza zaidi ya kawaida yake, muulize mara ya kwanza. Akisema hakuna kitu, muulize tena kesho.

Kama una swali juu ya kipindi cha leo, mpe msimamizi wa kikundi chenu cha wasikilizaji. Si lazima uandike jina. Mkimaliza kusoma karatasi hii, msiiweke kabatini. Mpeni nyumba inayofuata.

Kaa salama wewe na wa nyumbani mwako.

(MUZIKI WA KUFUNGA)